Sinki Maalumu na Hesabu ya Maji: Namna ya Kuielewa Asilimia Inayotangazwa Katika Majengo ya Kijani

Katika taarifa za uzinduzi wa hospitali, ofisi na vyuo, jina "jengo la kijani" limekuwa likitajwa mara kwa mara, likiambatana na asilimia ya maji ambayo jengo husika linaelezwa kuokoa. Asilimia hiyo hutokana na hesabu yenye kanuni maalumu, lakini hesabu hiyo haigusi kila bomba lililomo ndani ya jengo. Sinki za vyumba vya upasuaji, za maabara, za wafanya usafi na nyingine zenye kazi mahususi huachwa nje. Ndiyo maana jengo linaweza kutangazwa kuwa limepunguza matumizi ya maji kwa asilimia 28, huku ankara yake ya mwezi ikionesha punguzo dogo kuliko hilo, na bado pasiwe na udanganyifu wowote.

Suala hilo linawahusu wananchi kwa sababu mbili. Kwanza, ankara za maji za majengo ya umma hulipwa kwa fedha za umma, na maji yanayotumika humo hutoka katika vyanzo vilevile vinavyohudumia makazi. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mgawo wa maji uliotangazwa mwezi Oktoba 2022 baada ya kina cha maji ya mto Ruvu kupungua. Katika hali kama hiyo kila lita inayookolewa ofisini ni lita inayobaki kwa ajili ya nyumbani. Pili, kubana maji mahali pasipostahili, kwa nia ya kupandisha asilimia, kunaweza kuhatarisha afya ya mgonjwa au usalama wa mwanafunzi aliyemo maabara.

Hesabu inatoka wapi

Miongoni mwa mifumo inayotumika duniani kupima majengo ya kijani ni LEED, unaosimamiwa na Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani lililoundwa mwaka 1993. Mwingine ni EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambao hutumika pia Afrika Mashariki. EDGE hulitaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 kwa upande wa vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali husika. Nchini Rwanda, mfumo wa kima cha chini cha majengo ya kijani uliingizwa katika kanuni za ujenzi mwaka 2019.

Mifumo hiyo inatofautiana katika mengi, lakini kanuni yake ya msingi kuhusu maji inafanana. Hesabu mbili hupangwa sambamba. Ya kwanza huonesha maji ambayo jengo lingetumia endapo lingefungwa vifaa vya kawaida. Hiyo huitwa hesabu ya msingi. Ya pili huonesha maji yatakayotumika kwa vifaa vilivyochaguliwa na msanifu. Idadi ya watu na mara wanazotumia vifaa hivyo hubaki ileile katika hesabu zote mbili. Tofauti inayopatikana, ikigawanywa kwa hesabu ya msingi, ndiyo asilimia inayotangazwa.

Makala haya yanatumia mfano wa toleo la nne la LEED, lililozinduliwa mwaka 2013, kwa kuwa linataja waziwazi vifaa vinavyoingia katika hesabu. Vifaa hivyo ni choo, sehemu ya haja ndogo ya wanaume, bomba la kunawia mikono katika maeneo ya watu wengi, bomba la kunawia katika maeneo binafsi kama vyumba vya hoteli na vyumba vya wagonjwa, bomba la sinki ya jikoni, na bomba la mvua la kuogea.

Kila kifaa kimewekewa kiwango cha msingi. Choo ni lita 6 kila kinapovutwa, kiwango ambacho asili yake ni ukomo wa galoni 1.6 uliowekwa na Sheria ya Sera ya Nishati ya Marekani ya mwaka 1992. Sehemu ya haja ndogo ni lita 3.8. Bomba la kunawia la umma ni lita 1.9 kwa dakika, na la binafsi ni lita 8.3 kwa dakika. Bomba la jikoni ni lita 8.3 kwa dakika, isipokuwa lile linalotumika kwa kujazia vyombo peke yake, ambalo halihesabiwi. Bomba la mvua ni lita 9.5 kwa dakika.

Mfano wa ofisi ya watu 100

Ili hesabu hiyo ieleweke, ichukuliwe ofisi ya kufikirika yenye watumishi 100 wa kutwa, wanawake 50 na wanaume 50. Kwa kanuni za LEED, kila mwanamke huchukuliwa kuwa anatumia choo mara 3 kwa siku. Mwanamume hutumia choo mara 1 na sehemu ya haja ndogo mara 2. Kila mtumishi hunawa mikono mara 3, kila mara kwa sekunde 30, na hutumia sinki ya jikoni mara 1 kwa sekunde 15. Mtumishi mmoja kati ya kumi huoga ofisini kwa dakika 5.

Kwa vifaa vya kawaida, matumizi ya siku yatakuwa hivi:

- Vyoo: mara 200 kwa lita 6, sawa na lita 1,200.
- Sehemu za haja ndogo: mara 100 kwa lita 3.8, sawa na lita 380.
- Kunawa mikono: mara 300 kwa nusu dakika, sawa na lita 285.
- Sinki ya jikoni: mara 100 kwa robo dakika, sawa na lita 207.5.
- Kuoga: mara 10 kwa dakika 5, sawa na lita 475.

Jumla ni lita 2,547.5 kwa siku. Sasa msanifu anachagua choo cha lita 4.8, sehemu ya haja ndogo ya lita 1.9, bomba la kunawia la lita 1.3 kwa dakika, bomba la jikoni la lita 5.7 na bomba la mvua la lita 6.6. Jumla inashuka hadi lita 1,817.5. Jengo limeokoa lita 730 kwa siku, sawa na asilimia 28.7. LEED hudai punguzo lisilopungua asilimia 20 kama sharti la lazima, hivyo ofisi hiyo imevuka kiwango.

Kwa nini sinki maalumu huachwa nje

Katika ofisi hiyohiyo kuna chumba kidogo cha vifaa vya usafi chenye sinki pana ya kujazia ndoo. Tuseme wafanya usafi hujaza humo ndoo 10 za lita 20 kila siku kwa ajili ya kudeki. Hizo ni lita 200. Bomba likitoa lita 8.3 kwa dakika, ndoo moja itajaa kwa muda wa dakika 2 na nusu hivi. Likibadilishwa likatoa lita 4 kwa dakika, ndoo itajaa kwa dakika 5. Maji yaliyotumika ni yaleyale. Kilichobadilika ni muda ambao mfanya usafi amesimama akisubiri.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya sinki maalumu kuachwa nje. Hesabu ya mabomba imejengwa juu ya kasi ya mtiririko ikizidishwa kwa muda. Inafaa kwa mtu anayenawa mikono, kwa kuwa muda wake wa kunawa haubadiliki sana bomba linapobanwa. Haifai kwa kazi inayodai ujazo maalumu, iwe ni ndoo ya kudekia, sufuria ya kupikia au chupa ya maabara. Sinki ya ndoo ikiingizwa kwa kanuni ya muda, karatasi itaonesha akiba ambayo haipo.

Sababu ya pili ni afya na usalama. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kunawa mikono kwa sabuni ya kuua vijidudu kabla ya upasuaji kuchukue dakika 2 hadi 5. Mtumishi hunawa kuanzia kwenye ncha za vidole hadi kwenye viwiko, kisha husuuza kwa maji yanayotiririka. Bomba lenye mtiririko wa lita 1.9 kwa dakika, linalotosha kunawia mikono katika choo cha ofisi, halikukusudiwa kwa kazi hiyo. Vilevile, kipimo cha sekunde 30 kikitumika kwa sinki ya upasuaji ambako mtu hunawa kwa dakika 3 bila kufunga bomba, matumizi yataandikwa kuwa sehemu moja tu kati ya sita ya matumizi halisi.

Katika maabara hali ni hiyohiyo. Kiosheo cha macho cha dharura, kwa viwango vinavyotumika Marekani, hutakiwa kutoa angalau lita 1.5 kwa dakika kwa muda wa dakika 15 mfululizo. Bomba la mvua la dharura, ambalo humwoshea mtu aliyemwagikiwa na kemikali mwilini, hutakiwa kutoa takribani lita 75.7 kwa dakika kwa muda huohuo, yaani zaidi ya lita 1,100 kwa tukio moja. Vifaa hivyo huombewa visitumike kabisa. Vinapotumika, wingi wa maji ndio unaookoa ngozi na macho. Havipaswi kuwa mahali pa kutafutia alama za cheti.

Sababu ya tatu ni kukosekana kwa kiwango cha kulinganishia. Choo cha kawaida kinajulikana. Sinki ya kawaida ya maabara haijulikani, kwa sababu maabara ya shule ya sekondari, ya hospitali ya wilaya na ya kupima madini hazifanani kwa mabomba, kwa saa za kazi wala kwa aina ya kazi. Pasipo kiwango cha msingi kinachokubalika, kila mtaalamu angejiwekea chake, na majengo mawili yasingeweza kulinganishwa.

Ikumbukwe kuwa baadhi ya vifaa vilivyo nje ya hesabu hiyo vimewekewa masharti yake ya pekee. Katika jiko kubwa la hoteli au la hospitali, bomba la kunyunyizia linalotumika kusuuza vyombo kabla ya kuingizwa kwenye mashine hutakiwa lisizidi lita 4.9 kwa dakika. Kifaa hicho hupimwa kivyake, hakichanganywi na sinki ya chai ya watumishi.

Asilimia inavyoweza kupotoshwa

Kinachoamua aina ya sinki ni kazi yake na watu wanaoitumia. Jina lililoandikwa kwenye mchoro halitoshi. Kosa dogo la uainishaji huzaa tofauti kubwa. Katika mfano wa ofisi ya watu 100, endapo mabomba ya kunawia mikono yataandikwa kuwa ya binafsi badala ya umma, kiwango cha msingi kitapanda kutoka lita 1.9 hadi lita 8.3 kwa dakika. Maji ya kunawa katika hesabu ya msingi yatapanda kutoka lita 285 hadi lita 1,245. Jumla ya msingi itakuwa lita 3,507.5, na akiba itaonekana kuwa lita 1,690, sawa na asilimia 48.2. Asilimia imeruka kutoka 28.7 hadi 48.2, wala hapana tone moja la ziada lililookolewa.

Kinyume chake nacho hutokea. Lita 200 za ndoo zikiingizwa kwa usahihi katika hesabu zote mbili, akiba itabaki lita 730, lakini asilimia itashuka hadi 26.6, kwa kuwa jumla ya maji imekua. Katika jengo la ofisi tofauti hiyo ni ndogo. Katika hospitali yenye vyumba vya upasuaji, maabara, jiko na dobi, maji yaliyo nje ya hesabu huweza kuwa mengi, na asilimia ya cheti ikawa mbali na hali ya ankara. Kwa sababu hiyo, asilimia inayotangazwa isomwe kama kipimo cha ubora wa vyoo na mabomba ya kawaida, isichukuliwe kuwa kipimo cha maji yote ya jengo.

Msukumo wa maji nao una nafasi yake. Kiasi cha lita kwa dakika kinachoandikwa kwenye bomba la kunawia hupimwa kwa msukumo wa kilopaskali 415. Majengo mengi ya Afrika Mashariki hupata maji kutoka kwenye tangi lililo juu ya paa, na kila mita moja ya kimo huleta kilopaskali 10 hivi. Tangi lililo mita 5 juu ya bomba hutoa kilopaskali 50 tu. Bomba lililokwisha kubanwa kiwandani, likifungwa mahali hapo, huweza kutoa maji machache mno, na mtumiaji akalazimika kuliacha wazi kwa muda mrefu au fundi bomba akaondoa kichujio chake. Akiba iliyoandikwa kwenye karatasi hupotea siku hiyo.

Kuachwa nje ya hesabu si ruhusa ya kumwaga maji

Sinki maalumu zinapoondolewa katika hesabu ya asilimia, bado zinabaki kuwa mahali ambapo akiba kubwa inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Katika chumba cha upasuaji, njia hiyo ni namna ya kufungua bomba. Tuseme watumishi 24 wananawa kwa siku, kila mmoja kwa dakika 3, na bomba la lita 8.3 kwa dakika linatiririka muda wote. Hizo ni takribani lita 600. Bomba hilohilo likifunguliwa kwa goti au kwa mguu, maji yakatoka wakati wa kulowanisha na kusuuza tu, tuseme kwa dakika 1, matumizi yatakuwa takribani lita 200. Lita 400 zimeokolewa bila kupunguza nguvu ya maji. Akiba hiyo ni zaidi ya nusu ya ile ya ofisi nzima ya watu 100, na haionekani katika asilimia ya cheti.

Katika maabara, mabomba yenyewe huwa si walaji wakubwa kuliko vifaa vilivyounganishwa navyo. Mtambo wa kukeneka maji hupitisha maji mengi ya kupoozea ili kupata lita moja safi, na aghalabu maji hayo huishia kwenye sinki. Yakikusanywa katika tangi, hufaa kwa usafi au kumwagilia bustani, kwa kuwa hayajagusana na kemikali. Vifaa vya kufyonza hewa vinavyoendeshwa kwa maji ya bomba navyo vinaweza kubadilishwa kwa pampu zisizotumia maji.

Mabomba ya udhu ni mfano mwingine ulio karibu na wakazi wa mwambao. Vyuo, hospitali na ofisi nyingi zina sehemu ya kuswalia, na mabomba hayo hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, mara kadhaa kwa siku. Hayamo katika orodha ya vifaa iliyotajwa hapo juu. Mbunifu makini huyahesabu kando, akizingatia idadi ya waumini na muda wa kutawadha, kisha huchagua mabomba yanayojifunga yenyewe. Maji ya udhu huwa na uchafu mdogo, hivyo yakitenganishwa na maji ya vyoo tangu mwanzo wa ujenzi yanaweza kutumika tena bustanini.

Nyenzo inayounganisha haya yote ni dira ya maji. Toleo la nne la LEED huweka sharti la dira inayopima maji yote ya jengo, na hutoa alama za nyongeza kwa dira ndogo zinazopima mifumo tofauti, kama vile umwagiliaji, maji ya moto na maji ya mitambo. Jengo lenye dira ndogo kwenye bomba linalokwenda maabara au jikoni haliwezi kuficha upotevu nyuma ya asilimia nzuri ya vyoo. Dira pia hubaini uvujaji usioonekana, ambao hauandikwi katika hesabu yoyote ya usanifu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kamati za ujenzi, bodi za shule na hospitali, na wananchi wanaofuatilia miradi katika maeneo yao, maswali manne yanatosha kuipa uzito taarifa ya jengo la kijani. La kwanza, asilimia iliyotajwa imetokana na mfumo upi na toleo lipi, kwa kuwa viwango vya msingi hubadilika. LEED, kwa mfano, ilitoa toleo la tano mwaka 2025. La pili, ni sinki zipi zilizoachwa nje ya hesabu, na kwa sababu gani kila moja imeachwa. Orodha hiyo inapaswa kuwamo katika nyaraka za mradi, ikionesha chumba, kazi ya sinki na kiasi chake cha lita kwa dakika. La tatu, mabomba ya kunawia yameainishwa kuwa ya umma au ya binafsi. La nne, dira zimefungwa wapi, na nani atazisoma baada ya mkandarasi kukabidhi jengo.

Majibu ya maswali hayo yakipatikana kabla ya zabuni kutangazwa, gharama ya kurekebisha ni mstari mmoja katika mchoro. Yakisubiriwa hadi jengo lianze kutumika, itabidi kuta zibomolewe ili mabomba yatenganishwe. Hesabu ya maji hufanyika mara moja wakati wa usanifu, lakini ankara huja kila mwezi kwa miaka yote ya uhai wa jengo.